Uzi kutoka Nairobi hadi New York

Chukua tufe la dunia, lile la darasani, na uzi wa kushonea. Bana ncha moja Nairobi, vuta nyingine hadi New York, kisha ukaze. Kwenye ramani ya ukutani, rula ingepita karibu na Burkina Faso. Uzi hauendi huko. Unapanda Sudan Kusini, unakata Chad na jangwa la Algeria, unatokea Morocco, ndipo unaingia Atlantiki. Ni takribani kilomita 11,800, na hakuna njia fupi kuliko hiyo.

Mama yangu hana haja na kilomita. Dada yangu akirudi Marekani baada ya likizo, swali la mama ni moja: atatua saa ngapi?

Tangu Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilipoanza kurusha Boeing 787 moja kwa moja hadi New York, safari ya kwenda huchukua kama saa 15, ya kurudi kama 14. Kinacholeta tofauti ni upepo. Kule juu, zaidi ya mita 10,000, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda anapambana nao, anayerudi anasukumwa. Manahodha wa majahazi ya pwani yetu wangeelewa mara moja, kwani safari ya Muscat waliipanga kwa kaskazi na kusi.

Nairobi yenyewe ina mzigo wake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 na ushei juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Ndege iliyosheheni mafuta ya safari ndefu namna hiyo hulazimika kukimbia sana kabla ya kuinuka. Jua la mchana huzidi kuipunguza nguvu hewa hiyo. Usiku baridi ikiingia, hewa hushikamana, na mabawa hubeba zaidi, kwa hiyo ndege nzito hunufaika ikiondoka usiku.

Baba alipofariki, safari hii ya moja kwa moja haikuwepo. Dada alipitia Ulaya, akakosa ndege ya kuunganisha, akalala kwenye viti vya uwanja. Alifika tumeshazika. Ndiyo maana mtu akiniambia safari ya moja kwa moja ni anasa ya matajiri, nakataa.

Januari dada aliondoka saa tano na nusu usiku. New York wako nyuma yetu kwa saa nane majira hayo, kwa hiyo angetua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukitazama saa za ukutani utadhani amesafiri saa saba tu. Miguu yake iliyovimba ndiyo ijuayo zote 15.

Kwetu ilikuwa saa nane na nusu mchana. Mama alikuwa ameiweka simu mezani, kando ya sahani ambayo hakuwa ameigusa. Ikalia.

“Nimetua, Mama.”

Akavuta sahani, akaanza kula.