Kauri za Pwani, Kauri za Garissa

Katika mwezi wa Rajabu uliopita kijana mmoja wa Garissa alinipigia simu. Aliniamkia kwa adabu, akajieleza ukoo na mtaa, kisha akaniambia kuwa nyanya yake ana sanduku la vyombo vya kale: kioo cha taa, mrashi, kigae cha ukutani, na bakuli la Kichina. "Mzee, nyinyi watu wa pwani ndio mnaovijua vyombo hivi," alisema. "Sisi huku tunajua ngamia. Njoo utuangalizie."

Nami, msomaji wangu, nina ugonjwa wa vyombo vya kale tangu utotoni. Nikamwambia inshallah, na baada ya wiki moja nikawa ndani ya basi.

Kutoka Mombasa hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 400, kwa njia ya Malindi, Garsen na Hola. Ukishafika Garsen unakuwa jirani ya Mto Tana. Mara unauona, mara umefichwa na miti. Mto huo ndio unaomwaga maji yake baharini karibu na Kipini, na huko ndiko yaliko magofu ya Ungwana, ambayo James Kirkman aliyaandikia kitabu mwaka 1966. Basi njia nzima nilikuwa nikijiuliza: vyombo vya watu wa Ungwana na wa Lamu viliwahi kupanda na mto huu? Maana kioo na udongo ni mali ya mtu aliyekaa. Mtu ahamaye na mifugo yake, leo hapa kesho kule, atakiweka wapi chombo kivunjikacho?

Nilimkumbuka Ibn Battuta. Msafiri yule alipokuwa Najaf, nchi ya Iraki, aliona kuta zilizovikwa vigae vya kashani vinavyong'aa, akavieleza katika safari zake. Kisha mwaka 1331 akafika Mogadishu, mji wa wafanyabiashara na nguo nzuri, na sultani akamletea chakula. Kilikuwa wali wa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti. Huwa natabasamu kila nisomapo pahali hapo. Haukuwa mji wa maskini, lakini chombo cha heshima kilikuwa cha mti.

Nilipofika nyumbani kwa kijana, bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka, na ubani umefuka katika chetezo cha jiwe. Umri wake umepita miaka themanini. Alinijibu salamu, akaniita "maalim," akaniashiria nikae. Kiswahili chake kilikuwa cha Garissa, kifupi na chenye kutosha. Alipokwama, mjukuu alimfasiria.

Kabla ya sanduku, macho yangu yalivutwa na kitu kilichoning'inia ukutani. Kilikuwa chombo cha maziwa, si cha udongo wala si cha bati, bali cha kusukwa kwa nyuzi za mizizi, kimefungwa kamba za ngozi, na mfuniko wake waweza kuutumia kama kikombe. Wasomali wanakiita dhiil. Wanawake ndio wanaovisuka, tena kwa msuko wa kubana, na nyuzi zikishalowa hufura zikaziba kila tundu. Ndani hufukizwa kwa kijinga cha mti maalumu, ili chombo kisafike na maziwa yasiharibike upesi, na moshi ule huyapa maziwa ladha ambayo mtu akishaizoea hayataki tena maziwa matupu. Kiangushe dhiil kutoka mgongoni mwa ngamia, kitadunda tu. Na pembeni mwa hicho cha bibi kulikuwa na safu ya simbi nyeupe, zile ambazo sisi tunaziita pia kete, au kauri.

Bibi akafungua sanduku. Lilikuwa la mti, na ndani yake kila kitu kimeviringishwa katika kitambaa. Kwanza ulitoka mrashi wa kioo, shingo ndefu, umepasuka mdomoni. Kisha kioo cha taa ya chemni, kizima, hakina hata mkwaruzo, nikastaajabu.

"Hiki," akasema bibi, "mama yangu alihama nacho miaka mingi."

"Juu ya ngamia?"

"Ndani ya dhiil. Alikitia ndani, akajaza nyasi kavu, akafunga."

Kumbe! Chombo kisichovunjika kilikibeba kile kivunjikacho. Nimeingia katika majumba ya makumbusho mengi. Lamu, mathalan, vyombo vya Waorma, Wapokomo na Waboni wamewekewa pahali pao, na sahani zetu zimewekewa pahali pake, na kioo kati ya mtazamaji na vyote viwili. Haikunipitia akilini kuwa katika maisha ya watu kimoja kiliwahi kukaa tumboni mwa kingine.

Halafu kikatoka kigae. Kilikuwa cha mraba, kama shubiri moja hivi, chenye ua la rangi ya buluu na kahawia. Nyuma kilikuwa bado na chokaa kavu, dalili kwamba kilibanduliwa ukutani. Babake bibi alikitoa Kismayu, alikokwenda kuuza ng'ombe, katika nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Alikipenda ua lake, akakinunua kimoja tu. Mtu asiye na ukuta amenunua kigae kimoja! Hapo nilimpenda mzee yule nisiyemwona.

Na tukiwa katika kigae, hebu nikae hapo kidogo. Lugha yetu ina neno moja tu kwa vitu viwili: kigae ni kile kipambacho ukuta au kiezekacho paa, na kigae ni gae, kipande cha chungu kilichovunjika. Wageni huliona jambo hili kuwa ni upungufu wa lugha. Mimi naona lugha imesema kweli juu ya pwani yetu. Waajemi walikuwa na viwanda vya vigae, na neno lao la kigae, kashi, limetoka katika mji wa Kashan. Waturuki walikuwa na Iznik. Sisi hatukuwa na kiwanda. Tulichofanya ni kutwaa sahani nzima, iliyopita bahari mbili, na kuibandika ndani ya chokaa mbichi. Nenda Mambrui ukaitazame nguzo ya kaburi, uone bakuli za Uchina zilivyopachikwa juu yake. Nenda Kunduchi, kule Tanzania, uone mashimo ambamo bakuli zilikuwamo. Sahani ndiyo iliyokuwa kigae chetu cha ukutani.

Mapenzi hayo ni ya tangu zamani. Manda na Shanga, katika tabaka za karne ya 8 na ya 9, vimefukuliwa vipande vya mitungi ya Ghuba ya Uajemi yenye rangi ya buluu na kijani, pamoja na vyombo vya Uchina na vipande vya vioo. Baadaye majumba ya mawe ya Pate na Lamu yakajengwa zidaka, safu juu ya safu, ili sahani ziwe na makao. Kila aliyeisoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anajua kuwa madaka ya sahani yametajwa humo, katika habari za Pate iliyoanguka.

Leo zidaka nyingi ni tupu, na haifai tuwasingizie ndege na popo peke yao. Nyumbani kwetu Lamu palikuwa na sahani moja nyeupe yenye ukingo wa kijani, ya bibi mzaa mama. Hailiwi. Kazi yake ilikuwa moja, kombe. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa akiandika aya juu yake kwa zafarani na marashi ya mawaridi, akaisuuza kwa maji, na mgonjwa akanywa. (Najua wako wanaolipinga kombe, siingii katika mjadala huo leo.) Mwaka 1984 paa la nyumba lilikuwa likivuja, na mgeni mmoja wa kutoka Ulaya akatoa bei. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mimi ndiye niliyeipeleka sahani ile nyumba ya wageni, imeviringishwa katika leso, na mimi ndiye niliyerudi na pesa. Paa liliezekwa. Mwaka uliofuata bibi aliugua, na mwalimu alipokuja akauliza, "Sahani iko wapi?" hakuna aliyemjibu. Aliandika kombe juu ya sahani ya bati, rangi imebanduka ukingoni.

Basi tuirudie nyumba ya Garissa, maana sasa bakuli limetoka. Lilikuwa pana, jeupe, lenye maua mekundu na majani yaliyogongwa kwa sifongo. Kijana akanikaribia. Alinieleza kwa sauti ya chini kuwa yuko mnunuzi Nairobi, na mnunuzi amesema: akipatikana mtu wa pwani anayejua, akathibitisha kuwa bakuli ni la Uchina wa kale, bei itakuwa nzuri. Karo ya chuo ilikuwa imesimama. "Ni neno moja tu, mzee," akasema.

Nililigeuza bakuli. Chini yake palikuwa na muhuri: mnyama aliyelala mwenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, na jina Petrus Regout & Co., Maastricht. Maastricht ni mji wa Uholanzi. Kiwanda hicho kilianzishwa huko katika miaka ya 1830, na mwaka 1899 kikajiita kwa jina la mnyama wake, De Sphinx. Vyombo vya Maastricht vilifika Zanzibar na katika mwambao wetu kwa wingi, vikaliwa wali katika nyumba ambazo zamani zilikula katika vyombo vya Uchina. Ni vizuri, na vina historia yake. Lakini si vya Uchina.

Nilimwambia kijana hivyo, waziwazi. Nikamwambia pia kwamba sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa Kenya au kilichoingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje ya nchi kwahitaji kibali. Bakuli lake, babu wa babu alilinunua Kismayu, na Kismayu ilikuwa chini ya serikali ya Kenya mpaka mwaka 1925, walipopewa Waitalia. Mwanasheria angelipata kazi ya mwezi mzima hapo. Kijana hakucheka. Aliinamisha kichwa, na mimi nikajiona kama mtu aliyesafiri kilomita 400 kuja kumvunjia mwenzake chombo.

Bibi akauliza tunasema nini. Mjukuu akamfasiria. Bibi akalichukua bakuli kutoka mkononi mwangu.

"Nani alisema ni la Uchina?" akauliza. "Hili ndilo bakuli la looh."

Babake alikuwa maalim. Popote walipohamia, chuo chake kilikuwa chini ya mti, na watoto waliandika juu ya mbao, zile ambazo wao huziita looh, kwa wino wa makaa. Mtoto akishahifadhi alichoandika, ubao huoshwa ili aandike mbele. Maji yale hayakumwagwa ovyo kwenye njia za watu. Yalikingwa katika bakuli hili, na wengine waliyanywa kwa kutaka baraka. Bibi mwenyewe aliyanywa. Alinionyesha ndani ya bakuli, na kweli, katika nyufa ndogondogo za ile rangi ya juu, weusi wa wino umeingia na hautoki.

Sikuweza kusema kitu kwa muda. Nilikuwa nimeligeuza bakuli kusoma chini yake, sikutazama ndani.

Kijana naye alikuwa hajui habari hii. Alimuuliza bibi maswali kwa Kisomali, moja baada ya jingine, nami sikuomba nifasiriwe. Mwishowe alilitwaa bakuli, akaliviringisha mwenyewe, akalirudisha sandukuni. Suala la karo lilibaki palepale. Usiku ule tulikaa, yeye na mimi, tukaandika barua mbili za kuomba msaada wa masomo. Moja haijajibiwa mpaka leo, ya pili imejibiwa nusu.

Asubuhi, kabla ya basi, bibi alinipa maziwa ya ngamia katika mfuniko wa dhiil. Yalikuwa na ule moshi. Nilipomaliza akaniambia, "Maalim, ukifika kwenu niletee kauri."

Nikaitika kwa furaha. Nilidhani ametaka chombo cha kauri, sahani au bakuli la kumliwaza mjukuu, na tayari nilikuwa nahesabu mfukoni nitaweza kipi. Bibi akaona nimepotea. Akaigusa ile safu ya simbi pembeni mwa dhiil: nne zilikuwa zimeng'oka, na mahali pake pana alama za uzi.

Kumbe kauri zile zile! Tena sisi si wa kwanza kuvichanganya viwili hivi. Wazungu wenyewe jina lao la vyombo vya Kichina wamelitoa kwa Waitalia, na kwa Waitalia jina hilo ni la simbi, kwa ajili ya ule weupe na ule mng'aro. Na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizipakia simbi merikebuni Zanzibar, wakazipeleka Afrika Magharibi zikatumike kama fedha. Nne tu ndizo alizozitaka bibi.

Sikwenda kuziokota pwani. Nyumbani tulikuwa na kopo la kete za bao, zilizokuwa za babangu, na babangu hachezi tena. Nilichagua nane, nne za kushona na nne za akiba, nikazifunga katika karatasi, nikaandika jina la bibi. Alhamisi nilimkabidhi utingo wa basi la Garissa. Akaupima mfuko kwa mkono, akautikisa, akaniuliza kama ndani mna kitu cha kuvunjika.

Nikamwambia hamna.