Ngumbaru naye ana haki ya kusoma falsafa

KIMANI Maruge alipojisajili katika darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, ulimwengu mzima ulimshangilia. Mzee huyo, aliyefariki mwaka 2009, alitaka kujisomea Biblia badala ya kusomewa na wengine. Haja yake haikuwa kuandika jina lake tu, bali pia kuyapima mwenyewe maneno aliyozoea kuhubiriwa.

Haja ya aina hiyo husahauliwa mara nyingi katika elimu ya watu wazima. Kwa kawaida, ngumbaru huandaliwa mafunzo ya aina mbili: kusoma, kuandika na kuhesabu, kisha ufundi wa kumpatia riziki. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, falsafa, fasihi, historia na sanaa, masomo ambayo humzoesha mtu kupima hoja na kujitambua, huachiwa wanafunzi wa vyuo vikuu kana kwamba ni anasa isiyomfaa maskini.

Dhana hiyo ilipingwa kwa vitendo nchini Marekani mwaka 1995. Mwandishi Earl Shorris, aliyekuwa akitafiti kitabu kuhusu umaskini, alizungumza na mfungwa mmoja katika gereza la wanawake la Bedford Hills, jimbo la New York. Alimuuliza ni kwa nini watu huwa maskini. Mwanamke huyo hakutaja kazi wala pesa. Alieleza kuwa watoto wa mitaa duni hawajafunguliwa milango ya tamthilia, makumbusho, muziki na mihadhara, mambo ambayo humfunza mtu kutafakari.

Shorris alishawishika. Aliona kuwa maskini huishi akiwa amezingirwa na shinikizo kila upande: njaa, maradhi, kodi ya nyumba, polisi na wahalifu. Kwa kuwa hapati nafasi ya kutua na kuwaza, yeye hujibu tu mapigo yanapomjia. Masomo ya utu, kwa maoni yake, yangempa nafasi hiyo, na baadaye sauti katika mambo ya umma.

Darasa la kwanza lilifunguliwa mwaka huo huo katika kituo cha kusaidia familia jijini New York, kilichopewa jina la mchezaji besiboli Roberto Clemente. Mafunzo hayo nayo yakaitwa Clemente. Wanafunzi walikuwa watu wa kipato cha chini kabisa, wengine wakiwa wamewahi kufungwa au kukosa makao. Sharti la elimu lilikuwa jepesi: mtu aweze kusoma gazeti. Walifunzwa falsafa ya maadili, fasihi, historia, sanaa na mantiki. Hawakulipa karo, na walisaidiwa nauli na malezi ya watoto ili wasikose kuhudhuria.

Mwalimu hakusimama mbele yao akimimina maarifa. Aliwauliza maswali, akayachambua majibu yao, kisha akawauliza tena, kwa njia ya mwanafalsafa Socrates wa Ugiriki ya kale. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumsimulia Shorris jinsi alivyoudhiwa na mwenzake kazini hadi akakaribia kumpiga. Alijizuia baada ya kujiuliza Socrates angefanya nini.

Mwaka mmoja baada ya kuhitimu, 10 kati ya wahitimu 16 wa kwanza walikuwa wakiendelea na masomo ya chuo au ya uuguzi. Mwingine alikuwa amefutwa kazi katika mkahawa kwa kujaribu kuunda chama cha wafanyakazi. Mwaka 2000, Shorris alitunukiwa Nishani ya Kitaifa ya masomo hayo ya utu. Aliaga dunia mwaka 2012, lakini mafunzo yake yalikuwa yamekwisha kuenea hadi nchi nyingine, zikiwemo Kanada, Australia na Mexico, ambako jamii ya Wamaya ilifunzwa fasihi yake kwa lugha yake.

Wapo watakaosema kuwa mwenye njaa hana miiko, na kwamba mkate huja kabla ya mashairi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtu asiyejua kupima hoja hudhulumiwa hata mkate alio nao.

Wakenya hawakuhitaji kufunzwa jambo hili na wageni. Katika kijiji cha Kamirithu, Limuru, kisomo cha watu wazima kilichoanza mwaka 1976 kiligeuka kuwa mjadala kuhusu ardhi, mishahara na historia. Wakulima na vibarua walijenga ukumbi wa wazi, wakaigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, huku wao wenyewe wakisahihisha maneno yake. Ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977, ikapigwa marufuku Novemba, na mwezi uliofuata Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1982, ukumbi huo ulibomolewa. Serikali haibomoi anasa. Iliogopa darasa lile kwa sababu lilikuwa limewafunza watu kuuliza.

Leo, Katiba ya mwaka 2010 inamtaka mwananchi ashiriki katika maamuzi ya umma, ikiwemo mipango ya fedha ya kaunti. Anayehudhuria kikao hicho akijua kusoma herufi tu ataiona bajeti, lakini huenda asijue la kuiuliza. Ngumbaru akijadili Utendi wa Mwana Kupona, au sababu zilizomfanya Mekatilili wa Menza kuwakabili Waingereza mwaka 1913, anajizoeza kazi ile ile: kusikiliza neno, kulipima, kisha kulijibu.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: chumba, vitabu vichache, mwalimu anayependa maswali, na jioni mbili kwa wiki. Elimu haina mwisho, na kujua kusoma ni mlango tu. Aliyefikishwa mlangoni ana haki ya kukaribishwa ndani.