Spika za marehemu: zitengenezwe au zitupwe?

Dada yangu aliolewa Siongiroi, kaunti ya Bomet, na kila nikipanda huko kutoka Mombasa hupewa kazi. Safari hii kazi ilikuwa spika mbili za stereo. Baba mkwe wake, Mungu amrehemu, alizinunua miaka ya sabini kwa pesa za maziwa, na tangu afariki zimekaa ghalani pamoja na magunia ya mahindi. Paa likavuja, na panya nao hawakulala. Shemeji alitaka kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu aliyezitamani kwa ajili ya sumaku. Mama yake akakataa katakata. Santuri za mumewe angali nazo chini ya kitanda, na anataka kuzisikia tena angali hai.

Santuri si jambo geni kwa Wakipsigis. Mjini Kericho palikuwa na duka la Chandarana lililotoa santuri za benga, kama sisi Mombasa tulivyokuwa na Assanand na taarab zake za nembo ya Mzuri. Hata kabla ya hapo, mwaka 1950, Hugh Tracey alipofika kwa Wakipsigis kurekodi nyimbo, alikuta watu wakimwimba "Chemirocha". Huyo ni Jimmie Rodgers wa Marekani, ambaye walimjua kwa sauti ya santuri tu, na jina lake wakalitamka walivyoweza.

Turudi ghalani. Ukiletewa spika kuukuu, usianze kwa kutazama sanduku. Tazama pete inayozunguka koni ya karatasi. Ikiwa ni ya mpira au kitambaa, huenda ikadumu miaka mingi. Ikiwa ni ya sponji, huoza yenyewe baada ya miaka kama 15 hadi 25, hata spika isipopigwa, na joto na unyevu huiharakisha (watu wa pwani mnanielewa). Zetu zilikuwa za sponji. Nilipogusa kwa kidole ikawa unga, na shemeji akaona ndio mwisho wake. Kumbe hilo ndilo kosa jepesi kuliko yote: unakwangua gundi ya zamani, unabandika pete mpya ya kipimo kile kile. Nunua mbili, hata kama upande mmoja ungali mzima, kwani pete mpya na kuukuu hazichezi sawa, na stereo inataka ndugu wawili wanaofanana.

Kinachoamua hasa ni koili, ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni. Isukume koni polepole kwa vidole vya pande zote mbili. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa chuma cha sumaku. Kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa nukta moja tu. Koni ikiruka na kutoa mlio mdogo, koili iko hai. Mwenye mita apime: spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi.

Ya kushoto iliruka. Ya kulia, kimya. Mita nayo haikusoma kitu.

"Si nilikwambia, shemeji?" akasema.

Hapa ndipo wengi hutupa mali. Kati ya koili na vishikio vya nyuma kuna waya laini uliosukwa, unaochezacheza pamoja na koni miaka yote hiyo, na mara nyingi huo ndio hukatika. Nilikwangua rangi kidogo pale unapoingia kwenye karatasi, nikaweka ncha za mita hapo hapo. Ikasoma 6. Koili nzima! Kilichohitajika ni kipande cha waya na tone la risasi. Lau koili yenyewe ingekuwa imeungua, ningesema tuuze, maana fundi wa kuizungusha upya hupatikana kwa nadra, na bei yake hupita ya spika nyingine ya mtumba.

Masanduku ni habari nyingine. Chipbodi ikishanywa maji huvimba na kumomonyoka, gundi haiirudishi. Wapenda vitu vya kale watanilaumu, lakini nilishauri yaachwe. Seremala wa hapo hapo sokoni anaweza kuunda mapya, mradi nafasi ya ndani ibaki vile vile na yazibwe yasivuje hewa, kwa sababu besi ya spika za namna hii hutegemea hewa iliyofungiwa ndani. Vile vikapasita vya kugawa sauti kati ya wufa na twita nimesema vibadilishwe tu. Hukauka kwa umri na bei yake ni ndogo.

Mama alituletea chai, akauliza kama zitalia au hazitalii. Nikamwambia zitalia, lakini si leo. Pete nitazituma kwa basi kutoka Mombasa. Shemeji ameshapima masanduku kwa futi, ndani na nje, na mnunuzi wa vyuma akipita ataambiwa hakuna biashara.