Teknolojia ya Dijitali na Ajira: Kwa Nini Matokeo Hutofautiana

Uvumbuzi unaofanyika mbali huweza kubadili maisha ya kijiji ambacho hakijauona kamwe. Wakazi wa nyanda za juu za Kigoma waliyashuhudia hayo zamani. Katika miaka ya 1940 na 1950, vijana wengi wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge huko Tanga. Mwaka 1964 nchi ilizalisha katani zaidi ya tani 200,000. Baadaye viwanda vya ng'ambo vilieneza kamba za plastiki. Bei ya katani ikaanguka, mashamba yakapunguza vibarua, na njia hiyo ya kupata mshahara ikafifia.

Leo chombo kinachobadili ajira ni teknolojia ya dijitali, yaani kompyuta, simu za mkononi, intaneti na roboti. Je, huongeza kazi au huzipunguza?

Jibu hutegemea jinsi kazi ilivyoundwa. Kila kazi ni mkusanyiko wa shughuli. Karani, kwa mfano, hujumlisha hesabu, hutunza majalada na husikiliza shida za watu. Mashine ikichukua shughuli mojawapo, nguvu mbili huanza kushindana. Ya kwanza huondoa watu, kwani shughuli hiyo haiwahitaji tena. Ya pili huita watu: gharama hushuka, wateja huongezeka, na kazi mpya huzaliwa. Idadi ya ajira hufuata nguvu iliyoizidi nyenzake.

Nchini Marekani, wachumi Daron Acemoglu na Pascual Restrepo walichunguza kipindi cha 1990 hadi 2007. Waliona kuwa ajira na mishahara vilishuka katika maeneo yaliyopokea roboti nyingi za viwandani. Ujerumani nayo ilipoteza kazi za viwandani kwa sababu hiyo hiyo, ila ongezeko la kazi za huduma lilifidia pengo.

Afrika ilikutana na teknolojia hii kwa njia nyingine. Mkongo wa mawasiliano wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Mwaka 2019, Jonas Hjort na Jonas Poulsen walichapisha uchunguzi wa nchi 12 za Afrika, Tanzania ikiwamo. Palipofika intaneti ya kasi, ajira iliongezeka, hata miongoni mwa watu wenye elimu ndogo.

Tofauti hii ina sababu. Roboti na intaneti si zana moja. Tena hazikuwakuta watu wa hali moja. Roboti ilimkuta mfanyakazi wa kiwandani mwenye mshahara, ikachukua nafasi yake. Intaneti na simu zilimkuta mkulima asiye na mshahara wa kupoteza. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Ikazaa kazi ya wakala, ambayo haikuwapo kabla yake.

Hata hivyo, faida haikugawanyika sawasawa. Uchunguzi uliofuatilia kaya za Tanzania kati ya 2008 na 2013 ulionyesha kuwa palipofika mtandao wa 3G, watu wengi zaidi waliingia katika ajira na biashara nje ya kilimo. Waliopata zaidi kazi za mshahara ni vijana wa kiume wenye ujuzi. Wanawake wenye ujuzi walitoka shambani na kuanzisha shughuli zao wenyewe. 

Kujitenga nako si kinga. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na katazo hilo likadumu hadi miaka ya 1990. Lakini kamba ya plastiki haikuhitaji kufika Kasulu ili iondoe mshahara wa Kasulu. Kinga iliyo bora ni elimu, pamoja na umeme wa kuaminika.

Wanafunzi wa Muyama na kwingineko wanaweza kulipima jambo hili wenyewe. Na waorodheshe kazi zote zinazofanyika katika kituo chao cha biashara, kisha wawaulize wazee ni zipi hazikuwapo kabla ya mwaka 2008, zipi zimetoweka, na nani hasa wanazifanya zilizo mpya.