Mti na Tunda Lake: Somo la Mwituni

Walimu wengi huandika majina ya miti ubaoni. Sisi twaona ni heri kuyafundisha chini ya miti yenyewe. Mtoto apelekwaye mwituni huokota buyu chini ya mbuyu, kuyu chini ya mkuyu, na ukwaju chini ya mkwaju. Ndipo atambuapo ya kuwa jina la mti huanza na m-, nalo la tunda hubadili mwanzo wake. Tena huona mbuyu uliopukutisha majani wakati wa kiangazi, akaambiwa ya kuwa maua yake hufunguka usiku, na popo huyachavusha. Basi yafaa mwalimu afuatane na mzee ajuaye miti ya mahali pale. Kwa maana mzee akifa kabla hajaulizwa, mti husalia, bali jina lake hupotea.