Mzizikuvu na Udongo Wenye Risasi

Msomaji wa Kasulu anauliza: kiwanja alichonunua kilikuwa cha fundi aliyeyeyusha betri za magari kupata risasi. Amesikia kuna kuvu wa udongoni wanaozuia metali isiingie kwenye mazao. Je, apande mchicha?

Kuvu hao wapo. Namna risasi inavyodhuru mwili imeandikwa sana, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwa kuvu, na kwanza jina lao. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank aliwapa jina kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, yenye maana ya kuvu na mzizi. Sisi tunalo neno sumukuvu, yaani sumu ya kuvu, linalotukumbusha vifo ambavyo sumu hiyo ilisababisha Dodoma na Manyara mwaka 2016. Tungeweza kusema "kuvuzizi", lakini linampeleka msikilizaji kwenye zizi la ng'ombe. Nachagua mzizikuvu, wingi mizizikuvu. Linafuata nyayo za sumukuvu na linasema kweli, maana Frank hakutaja kuvu peke yake, alitaja kiungo kinachozaliwa wawili hao wanaposhikana.

Sasa mfikirie mchukuzi wa baiskeli anayepeleka mizigo soko la mpakani, kule Manyovu. Muhogo ni mwenye duka asiyeweza kutoka: mizizi yake midogo ni minene, ina vinyweleo vichache, na fosfeti anayoihitaji, ya vilima vya Kibondo, imeng'ang'aniwa na udongo mwekundu. Uzi wa kuvu ndio mchukuzi: mwembamba kuliko unywele wako, hupenya panapomshinda mwenye duka, huchukua fosfeti na kurudi nayo hadi ndani ya seli za mzizi. Humo hujigawa matawi kama mti mdogo, mzigo hushushwa, na mchukuzi hulipwa sukari na mafuta. Biashara hii ina zaidi ya miaka milioni 400.

Njiani risasi hudandia baiskeli. Nyingine hunasa kwenye kuta za uzi, zenye kitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la mende. Nyingine huingizwa katika vyumba vidogo vya ndani, ambako fosfeti imepangwa kwa minyororo mirefu, na minyororo hiyo huikamata metali na kuishikilia. Nimelirudia jambo hili mara nyingi na bado linanifurahisha: shehena iliyokuwa ikipelekwa dukani ndiyo inayogeuka pingu za mgeni mbaya. Ukimwaga mbolea ya fosfeti kupita kiasi, muhogo humwachisha kazi mchukuzi, na pingu zinaondoka naye. Jembe la kina kirefu nalo hukata nyuzi zake.

Zipo hali ambazo kuvu huongeza metali kwenye mmea badala ya kuipunguza. Inategemea aina ya kuvu, metali na kiasi chake.

Tuje kwenye mchicha. Mahindi, maharage na muhogo huunda mizizikuvu. Mchicha kwa kawaida hauundi, wala kabichi, wala sukuma wiki. Mboga ambazo msomaji wetu anazitaka ndizo zisizo na mchukuzi, na majani yake hushika vumbi la udongo ule ule.

Ndugu msomaji, usipande mboga za majani hapo. Udongo upimwe risasi maabara kabla ya kupanda chochote cha kula, kwa sababu kuvu huishikilia risasi tu, hawaiondoi. Na watoto wasicheze kwenye kiwanja hicho: risasi inayoingia mdomoni kwa vidole haipiti kwenye mzizi wowote.