Diski ya Breki Inapogonga: Kubadili Vifungo Vyake Nyumbani

Ikiwa unamiliki pikipiki kubwa yenye breki za diski, huenda umewahi kuisikia sauti hii. Asubuhi unaitoa pikipiki uani kwa kuisukuma, unabana breki ya mbele ili ufunge geti, na pale mbele panalia "ko!" mara moja, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Unaachia, unasukuma kidogo, unabana tena: "ko!" Kando yako yupo mtoto aliyekwisha kuvaa sare ya shule, anangoja kupandishwa. Je, utampandisha?

Swali hilo lilinikuta mimi mwenyewe, na jinsi nilivyolijibu mara ya kwanza sipendi mwingine alijibu hivyo. Niliipeleka pikipiki kwa fundi mmoja wa mtaani, kijana mwenye mikono myepesi na hamu ya kumridhisha mteja. Aliitikisa diski, akasema, "Mzee, vifungo vimelegea." Akaifungua, akailaza juu ya kipande cha chuma, akachukua nyundo na kuvigonga vifungo kimoja baada ya kingine hata vikakaza kabisa. Kelele ikaisha. Nikamlipa na kumshukuru. Siku chache baadaye nilikuwa nateremka kutoka Kimara kuelekea Ubungo, mama watoto akiwa nyuma yangu. Nilipobana breki, mkono wa breki ulinisukuma vidole kwa mapigo, kana kwamba kuna kitu kinapumua ndani yake. Tulisimama salama, lakini si pale nilipokusudia kusimama.

Kosa la kijana yule lilikuwa moja tu, nami nilikuwa mshiriki wake kwa kutojua: diski ile imetengenezwa ili icheze.

Breki ya diski si uvumbuzi wa jana. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hataza mwaka 1902, ingawa kwa pikipiki zinazotengenezwa kwa wingi ilingoja mpaka Honda CB750 ya mwaka 1969 ndipo diski ya mbele inayosukumwa kwa mafuta ikaanza kuzoeleka. Diski nyingi ni kipande kimoja cha chuma kilichofungwa moja kwa moja kwenye rimu. Pikipiki ndogo tunazoziona mitaani, zile za kubeba abiria, zina diski ya namna hiyo au zina breki za ngoma. Mwenye pikipiki kama hiyo asihangaike kutafuta vifungo, maana hana.

Pikipiki kubwa zilileta tatizo jipya. Chuma kikipata moto hutanuka. Diski ya chuma yenye kipenyo cha milimita 300, joto lake likipanda kwa nyuzi 300, hutanuka karibu milimita 1. Milimita moja ni ndogo machoni, lakini pete ya chuma iliyobanwa pande zote haina mahali pa kuipeleka, itapinda. Ndipo wahandisi wakaigawa diski sehemu mbili. Pete ya nje ni ya chuma, nayo ndiyo inayobanwa na pedi na kubeba moto. Kitovu cha ndani kwa kawaida ni cha aluminiamu, chepesi, nacho ndicho kinachofungwa kwenye rimu. Kinachoziunganisha sehemu hizo ni vifungo vidogo vya mviringo, kila kimoja kikikaa nusu ndani ya pete na nusu ndani ya kitovu. Chini ya kifungo huwapo washa bapa, na mara nyingi washa nyingine iliyopindwa kama wimbi ambayo hufanya kazi ya springi, halafu klipu ya kuzuia vyote visitoke. Kwa mpango huo pete hupata nafasi ya kutanuka bila kukisumbua kitovu. Ukiikaza kwa nyundo, umeirudisha kwenye tatizo lile lile lililowafanya wahandisi waigawe.

Basi kuna kucheza kwa namna mbili: kule kulikokusudiwa na mtengenezaji, na kule kunakoletwa na uchakavu. Kazi ya kwanza ya mwenye pikipiki ni kuzitofautisha, na hapa ndipo panapostahili subira kuliko mahali pengine popote.

Kabla hujaishutumu diski, hakikisha kwamba ndiyo inayogonga. Mlio kama ule waweza kutoka kwenye beringi za shingo ya usukani, kwenye shokapu za mbele, au kwenye pedi zinazotikisika ndani ya kalipa. Mwombe mtu akae juu ya pikipiki, abane breki ya mbele na kuisukuma mbele na nyuma. Wewe weka vidole pale shingo inapoungana na fremu. Ukihisi mgongano, ugonjwa uko kwenye beringi, na vifungo vipya havitakusaidia kitu. Kisha weka vidole kwenye maungio ya shokapu, halafu kwenye kalipa, na mwisho uguse diski yenyewe pale pete inapokutana na kitovu. Vidole havidanganyi kama masikio, kwa sababu sauti husafiri ndani ya chuma na kutokea mahali pasipo pake.

Ikiwa ni diski, inua gurudumu la mbele kutoka ardhini, ushike pete kwa mkono mmoja na kitovu kwa mkono wa pili, ujaribu kuizungusha pete mbele na nyuma. Kucheza kidogo ni halali yake. Lakini kama pete inakwenda na kurudi kwa kishindo, kifungo kimelika. Ukikitoa utaona ubavu wake una ngazi au umekuwa bapa. Kinyume chake pia ni ugonjwa: vifungo visivyocheza hata kidogo, vilivyoshikana kwa kutu na vumbi la pedi. Sisi tunaoishi pwani, kwenye hewa ya chumvi, tunauona ugonjwa huu wa pili mara nyingi.

Na hapa nikuokolee fedha. Vifungo vilivyoshikana havihitaji kubadilishwa kila mara. Vingi vina tundu katikati. Pitisha bolti yenye washa pande zote mbili, kaza nati kiasi cha kukibana kifungo, kisha kizungushe taratibu kwa spana huku ukikisafisha kwa kimiminika cha kusafishia breki na mswaki mkuukuu. Kikianza kuzunguka kwa ulaini, hamia kingine. Usitie grisi wala mafuta. Grisi huyeyuka kwa joto, ikarushwa kwenye pedi, na siku hiyo utajua breki isiyoshika ni nini. Vumbi nalo usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu, na watoto wakae mbali.

Kama vimelika, tazama kwanza vimefungwaje. Vile vyenye klipu vyaweza kubadilishwa nyumbani. Vile vilivyopigwa ribiti havitoki ila kwa kutobolewa kwa drili, na drili ikiteleza itaharibu tundu la kitovu. Kazi hiyo mpe mwenye karakana na mashine ya kusimama. Pima pia unene wa diski. Kipimo cha chini kabisa kimechongwa juu yake kwa milimita, na diski iliyofika hapo haistahili vifungo vipya.

Kabla ya kufungua gurudumu, itegemeze pikipiki kwa jeki imara au stendi yake, isiyumbe. Kalipa ikishatoka, ifunge kwa waya kwenye shokapu. Kamwe isining'inie kwa bomba lake. Weka kipande cha mbao safi kati ya pedi, na uwaambie watu wote wa nyumbani wasibane mkono wa breki, maana pistoni zitachomoka na mafuta kumwagika. Bolti za diski aghalabu zimetiwa gundi kiwandani, hivyo tumia spana ya kuingiza kichwa kizima na uzilegeze kwa mzunguko, kidogo kidogo.

Ilaze diski juu ya kitambaa safi. Chora alama ndogo kwenye pete na kwenye kitovu ili zisipishane. Vaa miwani, kwa sababu klipu huruka kama panzi na haina adabu kwa macho. Badilisha kifungo kimoja kimoja, ukikitoa cha hapa kisha kile cha upande wa pili kinachokielekea, ili pete isihame mahali pake. Panga washa kwa mpangilio ule ule uliozikuta. Klipu ina upande mmoja wenye ukingo mkali na mwingine wenye ukingo laini. Ule mkali utazame nje. Ikishaingia kwenye mfereji wake, izungushe kwa ncha ya bisibisi. Ikizunguka pande zote imekaa. Ikigoma mahali, haijakaa, nayo siku moja itatoka ukiwa njiani. Badilisha vifungo vyote, usiache hata kimoja cha zamani kwa sababu kinaonekana kizuri.

Jambo moja nililijua kwa kuchelewa. Kifungo kinapolika, tundu lake nalo huweza kulika. Weka kifungo kipya kwa mkono kabla ya kukifunga; kama tundu limekuwa refu mfano wa yai na kifungo kinayumba, vifungo vipya ni fedha iliyotupwa. Nunua diski nzima. Kwa pikipiki yangu matundu mawili yalikuwa hivyo, kazi ya ile nyundo, na diski nyingine nilikwenda kuitafuta Kariakoo.

Wakati wa kurudisha, tumia bolti mpya au safi zenye gundi ya nati, ukizikaza kwa mfano wa msalaba na kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Kama huna spana ya kipimo, azima. Hapa mkono wa mtu haukisii vyema. Futa diski kwa kimiminika cha kusafishia, rudisha kalipa, kisha bana mkono wa breki mara nyingi mpaka uwe mgumu. Hili lifanye kabla pikipiki haijasogea hata hatua moja, kwa kuwa pedi zilirudi nyuma na mbano wa kwanza hautashika kitu.

Safari ya kwanza iwe ya peke yako, kwenye barabara isiyo na magari mengi, ukibana polepole mara kadhaa kutoka mwendo mdogo. Ukirudi, ngoja diski ipoe, kisha zipitie klipu zote kwa macho. Zipitie tena baada ya kilomita 100 hivi. Mtoto wa sare ya shule, kwa wiki hiyo, apande daladala.